Harufu ya Nasrudin

Levis alirudi nyumbani kutoka Doha wakati mvua za masika zilikuwa zimeanza kulowesha Nakuru. Alishuka kwenye teksi mbele ya nyumba ya wazazi wake, mtaa wa Mwariki, akiwa na masanduku makubwa, miwani ya jua ambayo haikuwa na kazi siku hiyo, na harufu iliyofika mlangoni kabla yake. Dada yake Trizah alipiga chafya akiwa bado jikoni.

"Niaje, sista."

"Hiyo ni nini umejimwagia? Umeoga na pilau?"

"Wacha ushamba. Hii ni ngozi na miski. Huko ndiyo watu wa maana wanajipaka." Levis alicheka, akamkumbatia. "Mathe ako wapi?"

Trizah aliacha mzaha. Alikuwa amemweleza kwa simu, mara nyingi, lakini alijua kwamba kwa simu mtu husikia tu kile anachotaka kusikia.

"Ako nyuma, nje. Levis, usishtuke. Hatakujua."

Mama yao, Nasimiyu, alikuwa ameshikwa na ugonjwa wa kusahau. Ulianza na vitu vidogo, sufuria kuungua, ufunguo kupotea. Kisha siku moja akapotea njia akitoka kanisani, akapatikana amekaa kwenye duka la mbao akingoja watu ambao hakuweza kuwataja. Majina yakaanza kumtoka moja baada ya jingine: ya wajukuu, la Trizah anayemwogesha, mwisho la mume wake. Daktari alisema hakuna dawa ya kurudisha kilichokwenda. Na sasa alikuwa ameanza kukataa chakula. Ukimletea kijiko alifunga mdomo na kugeuza uso ukutani, bila hasira, kama mtu aliyemaliza mambo yake.

Mume wake, Dalmas, alikuwa ameketi kando yake kwenye stuli, ameshika bakuli la uji wa wimbi ambao ulikuwa umeanza kuweka utando juu. Alikuwa mzee mrefu, wa mikono mikubwa, aliyefanya kazi ya kupaka rangi mabehewa kwenye karakana ya reli mpaka alipostaafu. Alimwona kijana wake akija, akainua mkono kumsalimia bila kusimama, kwa sababu alikuwa amefaulu kumfanya Nasimiyu ameze kijiko kimoja na hakutaka kupoteza nafasi ya cha pili.

Levis alipiga magoti kwenye nyasi akamkumbatia mama yake.

Mkono wa Nasimiyu, ambao kwa wiki nyingi ulikuwa umelala tu juu ya paja, uliinuka. Ulishika kola ya shati la Levis. Akamvuta, akaweka pua yake shingoni mwake, akavuta pumzi ndefu, kisha nyingine. Alipofungua macho yalikuwa na mtu ndani.

"Nasrudin," alisema. "Mbona umechelewa hivi?"

Haikuwa sauti yake. Au ilikuwa yake ya zamani, kabla ya watoto hao kuzaliwa. Sauti ya msichana anayenung'unika huku anataka kucheka.

"Mathe, ni mimi. Ni Levis."

"Mama yako bado amekasirika?"

Levis alimtazama baba yake. Dalmas hakumjua Nasrudin yeyote. Katika maisha yao yote pamoja hakuwahi kusikia jina hilo likitoka kwenye kinywa cha mkewe. Alitazama bakuli mikononi mwake, akatazama uso wa Nasimiyu uliokuwa umewaka, kisha akamnyooshea Levis bakuli.

"Jaribu kumpa uji," alisema.

Nasimiyu aliunywa wote. Alipomaliza alijifuta midomo kwa kiganja na kuuliza kama kuna mwingine.

Jikoni, Levis alisimama akiegemea sinki. "Baba, Nasrudin ni nani?"

"Sijui."

"Hujui, ama hutaki kusema?"

"Sijui, Levis. Lakini umeona vile amekula?"

Likizo yote ya Levis ilipita hivyo. Kila asubuhi alijipulizia yale marashi, akaenda kukaa na mama yake, na kila asubuhi mama alikula. Lakini kijana mwenyewe alizidi kukosa amani. Nasimiyu alimshika mkono kwa namna ambayo mama hamshiki mwanawe. Alimwambia mambo kwa kunong'ona, akimwegemea begani, na Levis alirudi ndani uso ukiwa umemshuka.

"Siwezi, baba," alisema siku ya kufunga masanduku. "Mimi nimezaliwa na yeye. Ananiangalia vile... siwezi. Lakini nawaachia chupa."

Ilikuwa chupa nyeusi, nzito, kifuniko chake kimevishwa ngozi. Aliiweka juu ya kabati na kwenda zake uwanja wa ndege. Siku iliyofuata Nasimiyu alifunga mdomo tena.

Trizah ndiye aliyejaribu kwanza. Alijipulizia shingoni, akaleta chai ya maziwa na mkate uliolowekwa. Lakini juu ya ngozi yake ile harufu haikukaa vilevile. Ililainika ikawa tamu, kama ua. Nasimiyu alimnusa, akamkodolea macho.

"Wewe msichana, umetoa wapi shati ya Nasrudin?"

"Mama, kunywa chai."

"Nimekuuliza umetoa wapi!" Akapiga kikombe kwa mkono. Chai ikamwagikia Trizah kwenye sketi.

Dalmas aliona yote kutoka mlangoni. Alingoja Trizah aende kubadilisha nguo, akaingia chumbani, akafunga mlango, akaichukua ile chupa.

Hakuwa mtu wa marashi. Maisha yake yote alinuka rangi na tapentaini, na baada ya kustaafu alinuka sabuni ya kipande tu. Aliibonyeza bila kujua nguvu yake. Ilimpiga puani kama mtu aliyefungua ghafla gunia la pilipili manga. Macho yakajaa machozi. Ndani ya ule ukali mlikuwa na karafuu, na kitu kama iliki iliyopondwa sasa hivi. Alijipepea kwa mkono. Alitaka kufungua dirisha, kisha akakumbuka sababu ya kuipaka, akakaa kitandani akingoja ipoe.

Haikupoa, iligeuka. Ukali ulipokaa chini ikaja ngozi, ngozi mpya, yenye moshi kidogo, kama ndani ya duka la viatu linapofunguliwa asubuhi. Dalmas alinusa kiganja chake na kuhisi kwamba kuna mtu mwingine ndani ya chumba. Kijana. Mtu aliyevaa vizuri na asiye na haraka. Alijitazama kwenye kioo cha kabati akamwona mzee yuleyule wa sweta iliyotoboka kwenye kiwiko, lakini pua yake haikukubaliana na macho yake.

Alitoka nje akakaa kwenye stuli.

Nasimiyu aligeuka polepole. Alimnusa kabla ya kumtazama, na alipomtazama hakuonekana kuona mvi wala makunyanzi.

"Nasrudin."

Dalmas alifungua mdomo. Alikuwa amejiandaa kulisikia jina hilo, lakini hakuwa amejiandaa kulijibu. Bakuli lilikuwa mkononi. Asubuhi hiyo, alipomnyanyua kitandani, alikuwa amehisi mbavu zake.

"Niko hapa," alisema.

"Nilijua utakuja." Akafungua mdomo kama mtoto.

Basi akawa Nasrudin. Asubuhi alijipulizia, akangoja pilipili itulie, kisha akaenda kumlisha mkewe. Kuelekea mchana ile ngozi ilichoka, na chini yake ikabaki miski, harufu ya joto, ya mnyama, kama shingo ya mtu aliyelala kwenye blanketi zito. Saa hizo Nasimiyu alimwegemea na kuongea. Na kwa kuwa mtu akiitwa Nasrudin hawezi kuuliza Nasrudin ni nani, Dalmas alisikiliza tu, akapata habari zake vipandevipande.

Baba yake Nasrudin alikuwa na duka la ngozi mtaa wa Bondeni. Nasrudin alishona mikanda na viatu, na nyuma ya duka mama yake alitwanga viungo vya kuuza, ndiyo maana kila alichoshona kilinuka mdalasini na pilipili. Siku za Ijumaa alijipaka miski nyuma ya masikio. Nasimiyu alikuwa msichana wa nyumba za reli, baba yake alikuwa fundi wa treni, na alipotumwa sokoni alichagua njia inayopita kwenye lile duka. Nasrudin alimshonea viatu vya wazi, naye Nasimiyu akavificha kwenye sufuria.

"Baba alivipata," Nasimiyu alisema siku moja, akiwa ameshika vidole vya Dalmas. "Alinipiga na mkanda. Unajua ni mkanda gani?"

"Gani?"

"Ule wewe ulimshonea."

Alicheka kidogo, kisha akalia, na Dalmas alimfuta machozi kwa kitambaa. Aliujua ule mkanda. Baba mkwe wake aliuvaa mpaka siku ya kuzikwa. Na aliikumbuka siku ambayo yeye Dalmas, kijana mgeni aliyetoka upande wa Webuye kutafuta kazi, alipelekwa na mjomba wake kwenye zile nyumba za reli kuuliza kama kuna binti. Nasimiyu alikubali siku hiyohiyo, kabla chai haijanywewa. Kwa miaka yote Dalmas alikuwa amewasimulia watu jambo hilo kwa kujivuna, kwamba alimwona mara moja tu akakubali.

Marashi yenyewe hayakukubali kubaki nyumbani. Yalimfuata kila mahali. Aliyasikia kwenye mto, kwenye sweta, kwenye chapati aliyoikata kwa mkono wake. Alipooga, maji ya moto yaliyaamsha badala ya kuyaondoa. Vijana wa boda boda pale kona walipiga makelele walipomwona.

"Mzee wangu! Leo unanukia kama gavana!"

"Mzee, tuonyeshe huyo dem!"

Kanisani watu walianza kumwachia nafasi kwenye benchi, wengine kwa chafya, wengine kwa mashaka. Joyline, mama mmoja wa kwaya, alimvuta Trizah kando baada ya ibada na kumuuliza kwa sauti ya huruma kama ni kweli baba yao amepata mtu, na mgonjwa bado yuko ndani ya nyumba.

Trizah alirudi nyumbani amekasirika.

"Baba, hii kitu iishe. Watu wanaongea."

"Wacha waongee."

"Si watu tu. Ni wewe. Nakuona ukitoka hapo nyuma. Unakaa kama mtu amepigwa."

Dalmas alikuwa akiosha bakuli. Aliendelea kuliosha hata lilipokuwa safi.

"Nikiacha, utamlisha na nini?" aliuliza. "Niambie njia ingine, Trizah. Mimi nitaifuata leo."

Trizah alichukua kitambaa akaanza kupangusa meza.

Chupa ilipokaribia kuisha Dalmas alimpigia Levis. Levis alisema lile duka la Doha limeacha kuyaleta hayo. Angeuliza kwingine, lakini mpaka apatikane mtu wa kuyabeba, mvua zitakuwa zimeisha. Dalmas alikata simu akakaa akiitazama ile chupa kwenye mwanga. Kisha akavaa koti lake la kanisani, akaelekea Bondeni.

Hakwenda kutafuta marashi. Hilo hakumwambia Trizah. Alikuwa amelala na wazo hilo akaamka nalo. Kama Nasrudin yuko hai, atamwomba aje. Atamwambia: mke wangu ni mgonjwa, anakula tu akisikia uko karibu, mimi sina tena wivu wa kijana, njoo ukae naye kwa kiti changu. Njiani aliyarudia maneno hayo, akibadilisha hapa na pale ili yasisikike kama ya kuomba sadaka.

Fundi mmoja wa viatu aliyekaa chini ya mwavuli alimwelekeza. "Duka la Nasrudin? Liko pale, lakini siku hizi hakuna ngozi. Ni msichana yake anauza."

Lilikuwa duka dogo, lenye hijabu zilizotundikwa upande mmoja na chupa za mafuta ya kunukia upande wa pili. Mwanamke wa makamo alisimama nyuma ya meza ya kioo. Jina lake lilikuwa limeandikwa juu ya mlango: Najwa.

"Karibu, mzee. Nikusaidie na nini?"

"Namtafuta Nasrudin."

"Baba alifariki. Kabla ya korona."

Dalmas alishika ukingo wa meza. Ukutani nyuma ya yule mwanamke palikuwa na picha ya mwanaume mfupi, mnene, mwenye kipara, akicheka mpaka macho yamepotea. Dalmas alikuwa amemchora kichwani mwake mtu mrefu, mwembamba, wa nywele nzuri, na kwa wiki nyingi alikuwa akimchukia na kumwigiza mtu huyo. Huyu wa picha, hata kama angekutana naye sokoni, asingemgeukia.

"Ulimjua, mzee?"

"Nilimsikia."

"Kwa mema, natumaini."

"Kwa mema."

Najwa alitabasamu. Kisha pua yake ikasogea, akamtazama mzee kwa mshangao. "Hiyo umejipaka ni nini? Inanikumbusha hapa ndani zamani, nikiwa mdogo."

Dalmas aliitoa chupa mfukoni. Najwa aliinusa kwa muda, akafumba macho. Alisema yenyewe hana, lakini anaweza kuchanganya ya kukaribia.

"Ya kukaribia itatosha," Dalmas alisema. "Kama pua yake itakubali."

"Pua ya nani?"

"Mke wangu. Anaipenda."

"Ana bahati," Najwa alisema, akianza kushusha vichupa. "Wazee wengi hata sabuni ni shida."

Alichanganya mafuta ya karafuu, miski, na mengine ya rangi ya kahawia yaliyonuka kama tandiko la farasi, tone kwa tone, akimpaka Dalmas kwenye kifundo cha mkono na kunusa, akiongeza, akinusa tena. Dalmas alisimama ametoa mkono mbele ya binti wa yule mtu, akavumilia. Alifikiria kumweleza. Lakini angeanzia wapi, na Najwa angefanya nini na habari hizo? Alimshukuru akaondoka na chupa ndogo iliyofungwa kwa gazeti.

Pua ya Nasimiyu ilikubali. Baridi ya mwezi wa sita ilishuka kutoka mlima Menengai, wakahamia sebuleni, karibu na jiko la makaa, na pale Dalmas alimlisha uji, maharagwe yaliyopondwa, na ndizi. Alianza kujaa mashavu. Mjukuu aliyekuja kutembea alisema shosho amekuwa msupa, mrembo kabisa, na wote wakacheka, hata Dalmas.

Kisha ikaja asubuhi moja ambayo alimkuta amekaa wima kwenye kiti. Alikuwa amejifunga leso kichwani mwenyewe, jambo ambalo Trizah aliapa baadaye kwamba hakumsaidia. Dalmas aliketi karibu naye na uji. Nasimiyu alimnusa, na uso wake haukuwaka. Ulikaza.

"Nasrudin, usikuje tena hapa."

"Kwa nini?"

"Nimeolewa."

Kijiko kilibaki hewani. Nje jirani alikuwa akiita kuku.

"Mzee wangu anaitwa Dalmas," Nasimiyu alisema. "Ni mtu wa kupaka rangi treni. Mikono yake haitokangi rangi, hata siku ya harusi ilikuwa na rangi. Hajawahi kunipiga, hata siku moja. Akikupata hapa hatasema kitu. Ataenda tu huko nje akae. Ndiyo sitaki akupate."

Kwa miaka mingi mkewe alikuwa amemwita Baba Levis, kisha hakumwita kitu chochote. Dalmas aliweka bakuli chini.

"Nasimiyu," alisema. "Ni mimi. Mimi ndiye Dalmas."

Nasimiyu alimtazama kwa kuchukizwa, jinsi alivyokuwa akimtazama mlevi aliyemkosea adabu njiani.

"Usinichezee na jina ya bwana yangu."

"Angalia uso wangu. Mama Levis, niangalie."

"Toka! Nitapiga nduru!"

Alipiga nduru kweli. Trizah alikuja mbio kutoka jikoni na kumkuta baba yake amesimama katikati ya sebule, mikono imelegea, na mama yake akimtupia leso, kikombe, kila alichofikia.

Dalmas alienda bafuni. Alimwomba Trizah maji ya moto, na mengine, na mengine tena. Alijisugua kwa sabuni ya kipande na chumvi na ndimu mpaka ngozi ya shingo ikawa nyekundu. Aliyatupa mashati yote yenye ile harufu kwenye beseni la nje, akavaa shati la zamani lililokuwa chini kabisa ya sanduku. Kisha akarudi sebuleni taratibu, akasimama mahali ambapo mwanga wa dirisha ungempata vizuri.

Nasimiyu alikuwa ametulia. Alimtazama kwa heshima anayopewa mgeni.

"Karibu, mzee. Umetoka mbali?"

"Hapa tu."

"Umepitana na Dalmas huko njiani?"

Dalmas aliitazama mikono yake. Ilikuwa safi, rangi iliisha kwenye kucha zake siku nyingi, mwaka wa kwanza wa kustaafu. Alitoka akaenda kwenye stoo. Chini ya jembe na madumu matupu alipata mkebe wa rangi nyekundu uliobaki alipopaka mlango, umekauka juu, laini ndani. Aliupasua utando kwa bisibisi. Alipata pia chupa ya tapentaini. Akachovya vidole, akavisugua, akapaka viganja na vifundo kama alivyokuwa kila jioni ya ujana wake, akarudi ndani haraka kabla rangi haijakauka, akapiga magoti mbele ya kiti na kumnyooshea mkewe mikono yote miwili.

Nasimiyu aliinama. Alinusa. Trizah, aliyekuwa ameganda mlangoni, alifunga mdomo wake kwa mkono.

"Pole, mzee," Nasimiyu alisema. "Umejichafua." Akageuka mlangoni. "Wewe msichana, mletee huyu mzee maji anawe."

Baada ya hapo hakula kwa mkono wa mtu yeyote. Walijaribu marashi, akapiga nduru; walijaribu bila marashi, akafunga mdomo. Hospitalini walimwekea mpira puani wa kupitisha maziwa, akauvuta, wakamfunga mikono kwa bandeji laini ili asiuguse. Siku ya pili Dalmas hakuweza kuitazama ile mikono iliyofungwa. Alimwomba daktari waende naye nyumbani. Daktari alimweleza maana ya kuondoka. Dalmas alisema ameelewa.

Nyumbani Nasimiyu alikubali tone la chai, wakati mwingine, kama Trizah hakusema neno. Levis alipiga simu kila jioni akiuliza afanye nini, aje, atume kitu, na kila jioni baba yake alimwambia hakuna kitu cha kufanya. Mwisho wa mwezi wa saba Nasimiyu hakuweza tena kukaa. Walimlaza kwenye kochi, karibu na dirisha, na Dalmas alileta stuli yake akakaa mbali kidogo, kwa sababu akikaribia sana aliona mabega yake yakikaza.

Siku mbili kabla ya kufariki, Nasimiyu aliamka kutoka usingizini na macho maangavu, akatafuta chumbani mpaka akamwona.

"Mzee, bado uko?"

"Bado niko."

"Dalmas amechelewa leo."

"Kazi ni nyingi huko karakana," Dalmas alisema.

Nasimiyu alifikiria jambo hilo. Midomo yake ilikuwa imekauka. Dalmas alitaka kuilowesha kwa pamba lakini hakusogea.

"Mimi naogopa kukaa peke yangu," Nasimiyu alisema. "Unaweza kaa na mimi hapa mpaka afike?"

"Naweza."

"Huna haraka?"

"Sina haraka."

Alisogeza miguu yake chini ya blanketi kumwachia nafasi mwisho wa kochi. Dalmas aliiacha stuli, akaja, akaketi pale kwenye ukingo kama mgeni, mikono juu ya magoti. Nasimiyu aligeuza uso kuelekea mlangoni, akangoja.